Platelets zangu zilishuka, kamati ya wazee ikamhukumu mume wangu

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Huku Sydney baridi imeingia, meno yanagongana, lakini mimi leo nina moto wangu kifuani na sina mpango wa kuuzima. Haya ninayoandika yamenipata kwenye ngozi yangu mwenyewe. Anayetaka kubisha aje abishe, ila asome mpaka chini kwanza.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni Mbongo, mtoto wa Morogoro. Nafanya kazi aged care, yaani nahudumia wazee wa Kizungu: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwalisha. Naishi Guildford. Mume wangu ni Mkongo wa Uvira, anaendesha lori la makontena pale bandarini, Port Botany. Tuna binti mmoja yuko primary. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza.

Sasa ukiolewa na Mkongo huku, ujue umeolewa na jumuiya nzima.

Kuna kamati ya wazee. Ina mwenyekiti, kila mtu anamwita Président. Wanandoa wakigombana, kamati inakaa. Mtu akifiwa, kamati inakaa. Na nisiwe mwizi wa fadhila, wanasaidia kweli. Nilipojifungua, akina mama wa kamati walinipikia mpaka nikasahau jiko langu liko wapi.

Ila safari hii kamati ilikaa juu ya mwili wangu.

Ilianza na mguu. Niliona doa la bluu juu ya goti, nikajua nimejigonga kazini, maana vile vitanda vyetu vina vyuma pembeni. Baadaye likatokea jingine mkononi. Kufumba na kufumbua nina madoa mapajani, mabegani, mpaka tumboni. Mengine zambarau, mengine yameshageuka manjano. Wala hayaumi sana.

Nikawa nachoka ovyo. Nikipiga mswaki, fizi zinatoa damu. Siku zangu za mwezi zikaja kama bomba la maji lililopasuka. Nikajisemea ni umri. Sisi wanawake kila kitu ni umri.

Mtu wa kwanza kuniona ni Mama Esperance. Huyu ni mama wa Kikongo tunayesali naye, sauti kubwa, moyo mkubwa kuliko sauti. Tulikuwa jikoni kanisani tunaosha masufuria baada ya harusi, nikakunja mikono ya gauni. Akaacha sufuria. Akaushika mkono wangu, akaugeuza hivi na hivi.

"Nani alikufanya hivi?"

Nikamwambia sijui, labda kazini.

Hilo "sijui" ndilo lililoniponza. Maana mwanamke anayepigwa naye husema hivyohivyo. Mara niliteleza bafuni, mara nilijigonga mlangoni. Mama Esperance amewasikia wengi wakisema hivyo, na kweli walikuwa wanapigwa. Kwa hiyo kadiri nilivyokataa ndivyo alivyozidi kuamini. Akanikumbatia akaanza kulia. Mimi nimesimama na povu mikononi, sielewi naombolezewa nini.

Jumapili iliyofuata tukaitwa kwenye kikao, nyumbani kwa Président.

Mume wangu alikuja moja kwa moja kutoka shift, bado kavaa reflector ya kazini, hajui hili wala lile. Sebule imejaa. Soda na biskuti mezani, sura zote za msibani. Président akafungua kwa maombi, kisha akamgeukia.

"Ndugu yetu, huku si kule kwetu. Huku mukono wa mwanaume unamupeleka jela."

Mume wangu akaangalia nyuma, alidhani anaambiwa mtu mwingine. Alipoelewa, alisimama.

"Siyamupiga muke wangu hata siku moja. Mumuulize yeye mwenyewe."

Wakaniuliza. Nikasema huyu hajawahi kunipiga, hajawahi hata kunirushia kandambili. Mama mmoja kule pembeni akatikisa kichwa: "Anamuogopa, masikini."

Kha! Nikisema ndiyo, kanipiga. Nikisema hapana, namwogopa. Sasa mliniita pale nifanye nini, niwagawie biskuti?

Nikawaambia basi, kesho naenda kwa GP, daktari ndiye aseme. Hapo Président akainua mkono.

"Maman, hapana. Docteur akiona ile alama anaita polisi. Mume wako anafungwa, mutoto anachukuliwa. Ya nyumba inaisha mu nyumba."

Wakuu, msicheke. Nyinyi mliozaliwa na pasipoti zenu mnaweza kucheka. Wale wazee wametoka kambi za wakimbizi. Wameona askari wanavyoingia nyumbani kwa mtu na anayetolewa harudi. Na mimi nikaogopa kama wao. Nilimwangalia mume wangu nikaona mtu anayepandishwa karandinga la polisi kwa sababu ya ngozi yangu. Nikanyamaza. Kwa GP sikwenda.

Hukumu ikatolewa. Mume ahamie Ingleburn, mtaa wa mbali huko, kwa binamu yake mpaka "moyo upoe", na kabla ya kuondoka apige magoti aniombe msamaha mbele ya wazee.

Kuondoka alikubali, kwa heshima yao. Kupiga magoti alikataa kata kata. Alisema haombi msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, wamfanye wanavyotaka. Akaja nyumbani, akabeba begi, akambusu binti, akaenda.

Mnajua kilichoniuma zaidi? Asubuhi moja tunakunywa chai, binti yangu ananiangalia tu. Kisha ananiuliza, "Mum, did Papa hit you?" Ameyasikia huko kanisani kwa watoto wenzake. Nikamjibu no, never. Akaangalia mkono wangu, akarudi kwenye mkate wake. Hakuniamini.

Mtoto wangu wa kumzaa! Nilitamani kuvunja kitu.

Sasa cheki kituko. Mume yuko Ingleburn, madoa yanaongezeka. Nikampigia Mama Esperance nikamwambia haya, mtu mmemwondoa, mbona hali ndiyo hii? Akanijibu, "Anakuja kwa siri."

Nikamuuliza, mtu analala Ingleburn, anaamkia Port Botany, ananipiga saa ngapi, kwenye mataa ya barabarani?

Hakucheka. Akasema anakuja kukaa kwangu anilinde. Na kweli akaja, na begi lake na sufuria lake la fufu.

Na alipofika akaanza tiba. Nyinyi wote mnaijua: kukanda. Maji ya moto, chumvi, taulo. Asubuhi kanikanda, jioni kanikanda. Na mikono ya yule mama, mtu aliyelima tangu utotoni, akikukanda unaona nyota mchana. Juu yake ananipa aspirin, "damu itembee." Alifanya kwa upendo mtupu, hilo siwezi kumnyang'anya.

Siku ya pili au ya tatu, asubuhi, nikavua kanga anikande tena. Akaliweka taulo chini.

Kwenye bega langu kulikuwa na alama mpya za vidole. Vidole vya mtu kabisa, vimejipanga. Na ndani ya ile nyumba tulikuwa mimi, yeye na mtoto. Akanyoosha mkono wake taratibu, akaweka vidole vyake juu ya zile alama.

Vikakaa sawasawa.

Akakaa chini kwenye zulia, pu! "Seigneur, Mungu wangu. Ni miye. Ni miye nilikufanya hivi."

Mimi nilicheka. Mnisamehe, nilicheka yote niliyokuwa nimeyabana tangu siku ya kikao. Nacheka, nasikia kitu cha moto kinashuka mdomoni. Damu ya pua. Nikabana pua, nikainama. Haikati. Taulo la kwanza likalowa, la pili likalowa. Mama Esperance kashika simu anataka kumpigia Président.

Nikamwambia, "Mama, Président hana dripu. Piga triple zero, ambulensi ije!"

Hospitali nilipokelewa mbiombio. Na yale tuliyokuwa tunayaogopa yakatokea kweli, ila si kama tulivyodhani. Walifunga mlango, wakaniuliza nikiwa peke yangu kama niko salama nyumbani. Nikasema niko salama, mume wangu hanipigi. Wakaniuliza tena kwa upole, nikajibu vilevile. Basi. Wakasema asante, wakaendelea kutafuta damu inatoka kwa nini. Hakuna karandinga, wala hakuna mtu aliyemchukua mtoto. Kumbe kuna watu ukisema hapana wanasikia hapana!

Daktari, mama mmoja wa haematology, hao ni wataalamu wa damu, akaniangalia miguu. Kumbe mbali na madoa makubwa nilikuwa na vidoti vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, vimejaa kwenye shin, hapa mbele chini ya goti, hata sikuviona. Akabonyeza, havipotei. Akafungua mdomo wangu akakuta malengelenge ya damu ndani ya shavu. Akasema ngumi haifanyi vidoti hivi. Alisema hivyo kabla hata ya majibu kutoka, na nilitaka kumbeba mgongoni nimpeleke kwa kamati.

Majibu yakaja. Full blood count, yaani hesabu ya chembe zote za damu. Platelets za mtu mzima zinaanzia mia na hamsini kwenda juu. Zangu zilikuwa tano.

Tano, wakuu. Si hamsini.

Sasa hapa tulieni niwape shule, maana nimeilipia kwa ngozi.

Damu yako ina chembe nyekundu za kubeba hewa, ina chembe nyeupe ambazo ni askari, na ina platelets, vitabuni wanaziita chembe sahani. Ni vipande vidogo mno vinavyotengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Haziishi sana, wiki moja hivi zimekwisha, mwili unatengeneza nyingine.

Kazi yake ni kuziba. Mishipa yetu midogo inapasuka kila siku bila sisi kujua, kwa kubeba mfuko wa unga tu au kujigonga kwenye meza. Platelets zinakimbilia pale, zinashikana, zinaweka kiraka kama kile cha tairi la baiskeli, kisha zinaita protini za kugandisha damu zije kukaza. Ndiyo maana unajigonga asubuhi na jioni umesahau.

Zikipungua sana, hakuna kiraka. Damu inavuja chini ya ngozi, ndiyo yale madoa. Inavuja fizini, puani, inazidi kwenye hedhi. Na ikivujia kwenye ubongo, wakuu, mnachimba kaburi. Daktari alinieleza wazi kwamba alichokuwa anakiogopa ni kichwa changu. Na zikizidi kupita kiasi nako si salama, damu inaweza kuganda mahali ambapo haitakiwi.

Na ile aspirin? Inazifanya platelets zishindwe kushikana. Yaani hata zile tano zangu tulizifunga mikono. Na kule kukanda kulikuwa kunapasua mishipa ambayo haina wa kuiziba. Kwa hiyo nililindwa vizuri sana nusura nife.

Mimi walinikuta na kitu kinaitwa ITP. Askari wa mwili wangu mwenyewe wamezishuku platelets, wakazigeuka, wanazila. Walinipima kwanza vitu vingine, maana zinaweza kushushwa na dengue, malaria, ini, HIV, baadhi ya dawa, hata saratani ya damu. Huwezi kujua kwa kuangalia. Unapima.

Na najua kuna watu hapa vidole vinawawasha waniandikie juisi ya majani ya mpapai. Nimewaona. Mpapai wenu usubiri nje ya mlango. Kwanza kipimo.

Wakaniwekea dripu ya immunoglobulin, dawa inayotokana na damu za watu waliojitolea, watu nisiowajua na hawanijui. Na vidonge vya prednisolone, vya kuwatuliza wale askari. Hivyo vidonge vinakuvimbisha uso, vinakupa njaa ya mkulima, na vinakupa hasira. Hasira nilikuwa nayo tayari, hivyo vikaikuta nyumbani.

Jioni hiyo nurse akaniambia kuna mwanaume amesimama koridoni muda mrefu, amevaa reflector, anauliza kama anaruhusiwa kuingia.

Mume wangu, Mama Esperance ndiye aliyempigia. Anaomba ruhusa ya kumwona mke wake.

Nililia kwa hasira mpaka ile mashine ya presha ikaanza kupiga kelele. Akaingia na binti. Akasimama mbali na kitanda, mikono kaificha nyuma. Nikamwambia nishike mkono. Akasema, "Nitakuachia alama." Nikamwambia niachie.

Daktari akamweleza binti yangu kwa Kiingereza, polepole, kwamba ni ugonjwa wa damu, hakuna mtu aliyemfanyia mama kitu. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kumkumbatia baba yake miguuni na akakataa kumwachia. Baba mtu akaangalia dirishani, anajifanya kuna kitu nje.

Pale kitandani nikaapa. Huyu mwanaume walimshusha mbele za watu, watampandisha mbele za watu.

Platelets zikaanza kupanda, nikaruhusiwa kurudi nyumbani, na mume akarudi na begi lake. Kamati ikaleta ujumbe kwangu, Président akiongoza: sombe, yaani kisamvu, samaki, pole nyingi. Vizuri. Kisha Président akasema tumshukuru Mungu, yaishe, ya kikao yabaki mu kikao.

Nikamwambia hapana.

Mimi ni mwanamke, ni mkwe wa kuja, tena Mbongo, na wazee wamekula sambusa zangu. Lakini sikuinamisha kichwa. Nikasema kama yangebaki kikaoni, mtoto wangu angeyasikia wapi? Tangazeni Jumapili, kanisani, mbele ya wote. Président akasema Jumapili matangazo ni mengi. Mume wangu akanishika gauni, "Chérie, acha tu." Sikuacha.

Jumapili ikafika. Matangazo yakasomwa yote, ya kwaya, ya usafi, ya gari lililoziba njia. Letu halipo.

Nikasimama. Nikatembea mpaka mbele na uso wangu wa prednisolone uliovimba kama andazi, nikamwomba kijana wa matangazo maiki. Akanipa, nadhani alinihurumia.

Nikawaeleza. Ugonjwa unaitwaje, damu inavujaje, nilikuwa nimebakiza platelets ngapi. Kisha nikawaonyesha mkono, sehemu ya ndani ya kiwiko, palipokuwa peusi tii.

"Hapa alinitoboa nurse siku natolewa damu. Mwanamke mpole, hata kimo hana. Président, yeye mnamwita lini kikaoni?"

Kuna mtu nyuma alikohoa.

Aliyesimama wa kwanza hakuwa Président. Alikuwa Mama Esperance. Analia, ile sauti yake haihitaji maiki: "Na ile ya bega ni yangu! Muniite na miye! Nilimufanya kwa mikono yangu, na mume wake hakukuwako!"

Hapo ndipo Président akainuka. Mzee wa watu, hatua nzito. Hakuja kwangu, alikwenda mpaka kwenye benchi la mume wangu. Akavua kofia. Akasema, kwa sauti ya kusikika, "Ndugu, tulikuhukumu bure. Mbele ya batu bote, utusamehe."

Mume wangu alisimama. Hakujibu haraka, na mimi nilikuwa namwombea asijibu haraka. Aliwaacha wasubiri kidogo. Kisha akampa mkono, akasema, "Nimesamehe. Lakini muke wangu mungemusikiliza."

Sasa hivi platelets zangu ziko juu ya mia, napima mara kwa mara, dawa napunguza taratibu. Inaweza kurudi, nimeambiwa hivyo. Ikirudi itanikuta najua jina lake.

Ninachotaka mbebe ni hiki. Ukiona madoa ya kuvilia damu hujui yametoka wapi, vidoti vyekundu miguuni, fizi au pua zinatoa damu bila sababu, hedhi imepitiliza, usikandwe. Usimeze aspirin kwa kubahatisha. Usisubiri kikao. Kapime damu, ni kichupa kimoja tu.

Na wewe mwanaume mpiga mke, usije ukajificha nyuma ya uzi wangu useme "labda ni platelets." Mkeo naye aende akapime. Daktari ataona tofauti, na mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia ukipandishwa karandinga. Wewe dada unayepigwa kweli, sema. Huku wanauliza mlango ukiwa umefungwa, jibu ukweli wako. Wangu ulikuwa hapana, wako ukiwa ndiyo, sema ndiyo.

Uwanja ni wenu sasa. Wenye uzoefu wa platelets waje watupe, wenye maswali waulize, wenye matusi pia wapange foleni, leo nina nguvu.

EDIT: Naona mtu ameshaandika huko chini, "Dada pole, ila tuambie ukweli, hata kofi moja?" Kaka, njoo Guildford mwenyewe uone. Gonga mlango, atakufungulia mume wangu. Mimi ndiye usiombe nikufungulie.